Uzito wa Mwanzo: Namna Qurani Tukufu Ilivyokusanywa Mara ya Kwanza

Wahenga walinena kuwa mwanzo wa ngoma ni lele. Watu huingia katika msikiti uliokwisha ezekwa, wakasali, wakatoka. Huwapeleka watoto wao katika chuo ambacho mwalimu wake yupo na mbao zake zipo. Lakini ni wachache wanaoukumbuka usiku ule ambao wazee waliketi kitako wakiulizana kama jambo lile lafaa kufanywa au halifai. Usiku huo hauandikwi katika daftari la michango, nao huwa mzito kuliko mawe yote yaliyobebwa baadaye.

Katika vitu vyote ambavyo Waislamu wamevirithi vikiwa tayari, hakuna kilicho karibu zaidi na mikono yao kuliko msahafu. Mtoto hupewa juzuu akiwa mdogo, akakua akiuona msahafu umewekwa mahali pa juu nyumbani kwao, naye hudhani kuwa mambo yalikuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Walakini ulikuwapo wakati ambapo Qurani ilikuwa imekamilika kushuka, nayo imehifadhika vifuani mwa watu, wala haikuwa imekusanywa pamoja mahali pamoja. Na siku liliposemwa neno la kuikusanya, mtu wa kwanza kusita alikuwa Khalifa mwenyewe, na wa pili kusita alikuwa yule aliyechaguliwa kuifanya kazi hiyo. Khabari ya kusita kwao, na namna walivyokushinda, ni mafunzo makubwa kwa kila jumuiya inayotaka kuanzisha jambo la kheri.

Mtume Muhammad (s.a.w.) alifariki Madina katika mwaka wa 11 wa Hijra, nao ni mwaka 632 wa Miladi. Qurani ilikuwa imemshukia kwa muda wa miaka 23, kidogo kidogo, Makka na Madina. Kila ilipomshukia aya aliwaita waandishi wake, akawaambia waiweke katika sura fulani, mahali fulani. Karatasi kama zijulikanazo leo hazikuwako. Basi waliandika juu ya kile walichokipata: vigongo vya makuti ya mtende vilivyoambuliwa majani, mawe meupe membamba, mifupa ya mabega ya wanyama, na vipande vya ngozi. Pamoja na maandiko hayo walikuwako Masahaba wengi walioihifadhi kwa moyo, wakiisoma katika sala zao usiku na mchana.

Huenda mtu akauliza kwa nini Mtume (s.a.w.) hakuiacha imekusanywa yote pamoja. Wanazuoni wameeleza sababu, nayo ni nyepesi kufahamika. Wahyi ulikuwa ukiendelea kushuka mpaka karibu na kufariki kwake, na aya iliyoshuka leo huenda ikawa mahali pake ni katikati ya sura iliyoanza kushuka miaka mingi nyuma. Kitabu hakifungwi na hali maneno yake bado yanakuja. Basi kutokukusanywa hakukuwa kughafilika. Ilikuwa ni kazi ambayo wakati wake haukuwa umefika. Lakini kazi ambayo wakati wake haukufika jana yaweza kuwa faradhi leo, na hapo ndipo wanadamu hukwama, kwani jicho lililozoea kuona jambo halifanywi hudhani kuwa limekatazwa.

Wakati huo ulifika kwa msiba. Baada ya kufariki Mtume (s.a.w.) makabila mengi ya Waarabu yaliasi, na katika nchi ya Yamama alikuwako Musailima aliyejidai utume. Sayyidna Abubakar (r.a.) alipeleka jeshi chini ya Khalid bin Walid, na vita vikali vikapiganwa mwishoni mwa mwaka wa 11 wa Hijra na mwanzoni mwa mwaka wa 12, yaani karibu na mwaka 633. Musailima aliuawa na Waislamu wakashinda. Walakini walioshinda walirudi wakiwahesabu maiti wao, na miongoni mwa maiti hao walikuwamo wengi katika wasomaji wa Qurani. Hupokelewa kuwa walifika sabini. Aliuawa humo Salim wa Abu Hudhaifa, naye alikuwa mmoja wa wanne ambao Mtume (s.a.w.) alikuwa amewaelekeza watu wajifunze Qurani kwao.

Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza. Katika mwaka wa 4 wa Hijra, mahali palipoitwa Bir Mauna, watu wa khiana waliwaua wasomaji ambao nao hupokelewa kuwa walikuwa sabini. Lakini wakati ule Mtume (s.a.w.) alikuwa hai, na kisima kilipopunguzwa maji chemchemi yake ilikuwa ingali ikibubujika. Safari hii chemchemi ilikuwa imefungwa, na kila msomaji aliyekufa alikuwa akenda na alichonacho.

Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) aliliona hilo. Nduguye mwenyewe, Zaid bin Khattab, alikuwa miongoni mwa waliouawa Yamama, lakini alipokwenda kwa Khalifa hakuja na msiba wa nyumbani kwake. Alikuja na shauri: kwamba mauaji yamezidi kwa wasomaji, kwamba kuna khofu yakazidi tena katika vita vingine na sehemu kubwa ya Qurani ikapotea pamoja nao, na kwamba yafaa Khalifa aamrishe Qurani ikusanywe.

Sayyidna Abubakar hakulipokea shauri hilo kwa furaha. Alimuuliza Umar vipi atafanya jambo ambalo Mtume wa Mwenyezi Mungu hakulifanya. Swali hili halikutoka katika uvivu wala katika ukaidi. Lilitoka kwa mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa ni kumfuata Mtume (s.a.w.) unyayo kwa unyayo, na ambaye aliogopa asije akaufungua mlango usiofungika. Watu wengi wanaosita mbele ya jambo jipya husita kwa sababu kama hiyo. Wana amana mikononi mwao, nao wanaogopa kuiharibu.

Jawabu ya Umar ilikuwa fupi. Aliapa kuwa jambo hilo ni kheri. Hakumtia Khalifa katika aibu, wala hakumwambia kuwa yeye ni mzee aliyeshindwa kuutambua wakati. Alilirudia shauri lake mara kwa mara, mpaka Mwenyezi Mungu akakikunjua kifua cha Abubakar, naye akaona yale ambayo Umar aliyaona. Kilichobadilika si swali bali kipimo chake. Swali la kwanza lilikuwa: Je, wa kabla yetu walilifanya? Swali la pili likawa: Je, lile walilolipenda wa kabla yetu litabaki tukiacha kulifanya hili? Mtume (s.a.w.) hakuikusanya Qurani pamoja, lakini aliiamrisha iandikwe, iwekwe mahali pake, isomwe na ihifadhiwe. Kuikusanya kulikuwa ni kuilinda amri yake, wala hakukuwa kuizidisha.

Baada ya viongozi wawili kukubaliana, ilibaki kumtafuta mtu. Waliokuwako Madina walikuwa wengi, na miongoni mwao walikuwamo watu wazima wenye daraja kubwa. Lakini Sayyidna Abubakar alimwita Zaid bin Thabit, kijana wa Kiansari aliyekuwa na umri wa kiasi cha miaka 22. Zaid alifiwa na baba yake angali mtoto, na Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina yeye alikuwa wa miaka 11. Hupokelewa kuwa alipotaka kwenda vitani Badr alirudishwa kwa udogo wake. Basi akajitafutia utumishi katika elimu. Mtume (s.a.w.) alimwamrisha ajifunze hati ya Mayahudi ili awe akimwandikia barua zake, naye akaijua kwa muda wa nusu mwezi. Akawa katika waandishi wa wahyi.

Khalifa alimtajia Zaid sababu zilizomfanya amchague: kwamba ni kijana, kwamba ana akili, kwamba hakuna anayemtuhumu kwa lolote, na kwamba alikuwa akimwandikia Mtume (s.a.w.) wahyi. Ni vema kuzitazama sababu hizo moja moja. Ujana ni nguvu ya kuzunguka na kuvumilia. Akili ni ya kupambanua. Uaminifu ni wa kuwafanya watu waikubali kazi ikiisha. Na ujuzi wa uandishi ni kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ya kuandika. Hakuchaguliwa kwa ukoo wala kwa mali, wala kwa kuwa ndiye aliyeipigania nafasi ile.

Zaid naye alisita, na kusita kwake kulizidi. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kuwa lau angeamrishwa kuuhamisha mlima mmoja kutoka mahali pake, usingekuwa mzito kwake kuliko kazi ile. Akawauliza wakubwa wake swali lile lile ambalo Khalifa alimuuliza Umar: vipi watafanya jambo ambalo Mtume hakulifanya? Na Khalifa, ambaye siku chache nyuma swali hilo lilikuwa lake, sasa alilijibu kwa jawabu ya Umar: kwamba ni kheri. Hakumkemea kijana kwa kuuliza alilokwisha uliza yeye. Alizidi kumrudia, mpaka kifua cha Zaid kikakunjuka kama kilivyokunjuka cha wale wawili.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Khofu ya Zaid haikuondoka siku alipokubali. Ilihama. Mwanzo ilikuwa mlangoni ikimzuia asiingie. Alipoingia, ikawa mlinzi wa kazi yake. Zaid alikuwa amehifadhi Qurani, na kama angeketi akaiandika yote kutoka kifuani mwake, watu wangemwamini. Hakufanya hivyo. Alianza kuitafuta Qurani kwa kila aliyekuwa nayo, akiikusanya kutoka katika vigongo vya makuti na mawe membamba na ngozi na mifupa, na kutoka vifuani mwa watu. Sayyidna Umar alitangaza kuwa kila aliyepokea chochote cha Qurani kwa Mtume (s.a.w.) akilete, na hupokelewa kuwa Umar na Zaid waliamrishwa waketi mlangoni mwa msikiti, wala wasipokee andiko la mtu mpaka lishuhudiwe na mashahidi wawili. Wanazuoni waliieleza sharti hiyo kwa njia mbalimbali: wengine walisema mashahidi hao ni hifadhi na maandiko, wengine wakasema ni watu wawili wa kushuhudia kuwa andiko lile liliandikwa mbele ya Mtume (s.a.w.). Kwa vyovyote vile, kilichotakiwa ni kuwa asiweko mtu atakayeweza kusema kesho kuwa neno fulani limeingia kwa kudhani.

Kazi hiyo iliendelea mpaka ikabaki aya mbili za mwisho wa Sura ya Tawba. Zaid alizijua aya hizo, kwani alizisikia kwa Mtume (s.a.w.), lakini hakutosheka na kujua kwake. Akazitafuta kwa maandishi, akazipata kwa Sahaba mmoja wa Kiansari, Abu Khuzaima, wala hakuzipata kwa mwingine. Mtu aliyeona kazi ni nyepesi asingalihangaika kutafuta andiko la maneno ambayo tayari anayo kifuani. Aliyeiona nzito kama mlima ndiye aliyehangaika, na mahangaiko yake yakawa ni raha ya waliokuja nyuma yake.

Sayyidna Abubakar alifariki katika mwaka wa 13 wa Hijra, yaani 634, na miaka miwili haikuwa imetimia tangu Yamama. Kurasa zilizokusanywa zilikuwa kwake mpaka kufa kwake, kisha zikawa kwa Sayyidna Umar mpaka alipouawa mwaka 644, kisha zikawa kwa binti yake, Bibi Hafsa (r.a.), mke wa Mtume (s.a.w.). Kwa muda wa miaka hiyo yote kurasa zile hazikupelekwa mijini wala hazikutangazwa. Zilikaa kama mbegu ghalani. Huenda aliyeziona wakati ule akasema kuwa kazi ile kubwa haikuwa na faida, kwani watu waliendelea kusoma kwa walimu wao kama walivyokuwa wakisoma.

Faida yake ilidhihiri katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.), aliyetawala kutoka 644 hadi 656. Majeshi ya Sham na Iraq yalipokutana katika vita vya Armenia na Azerbaijan, Hudhaifa bin Yaman aliwasikia watu wakikhitilafiana katika kisomo, kila kundi likikinasibu kisomo chake kwa mwalimu wake. Akarudi mbio kwa Khalifa akamtaka auwahi umma kabla haujagawanyika. Uthman hakuanza upya. Alituma kwa Bibi Hafsa aazimwe kurasa zile, akamwita tena Zaid bin Thabit, akamtia pamoja na Makureshi watatu: Abdallah bin Zubair, Said bin Al-As, na Abdurrahman bin Harith bin Hisham. Akawaamrisha wainakili misahafu, na wakikhitilafiana katika neno basi waliandike kwa lugha ya Kikureshi. Walipokhitilafiana katika uandishi wa neno tabuti, kama liishie kwa herufi ya ha au ya ta, shauri lilipelekwa kwa Khalifa, likaandikwa kwa namna ya Kikureshi. Kisha kurasa zikarudishwa kwa mwenyewe kama ilivyoahidiwa, na misahafu ikapelekwa katika miji mikubwa.

Wala haikuwa kila mtu aliridhika mara moja. Abdallah bin Masud (r.a.), aliyekuwa akisomesha Kufa, na ambaye alijifunza sura zaidi ya sabini kwa kinywa cha Mtume (s.a.w.) mwenyewe, aliona uzito kuwa kazi ile imefanywa na kijana naye hakuitwa. Wanazuoni hawakuificha khabari hiyo, na kuitaja si kumpunguzia heshima yake. Jambo jipya huwapita wengine waliostahiki, nao huumia. Wenye kazi wakizidisha adabu kwao na kuendelea na kheri yao, siku hutuliza nyoyo.

Kutoka katika misahafu hiyo ndipo ilipotoka kila nakala iliyovuka bahari na kuingia bara. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walipanda na misafara mpaka kwenye maziwa makuu, na katika mizigo ya pembe na nguo ulikuwamo msahafu. Mwaka 1844 Ahmad bin Ibrahim alikuwa katika baraza ya Kabaka Suna wa Buganda, akizungumza khabari za Mwenyezi Mungu. Baadaye, katika miji ya misafara, kila palipopatikana watoto wachache na mtu mmoja mwenye kusoma palikuwa na chuo. Mtoto aliandika aya juu ya ubao, akaisoma mpaka akaihifadhi, ukaoshwa, akaandika nyingine. Aliyeutazama ubao ule aliona kitu duni. Lakini ulikuwa ndugu wa vile vigongo vya makuti vya Madina.

Na swali lile la kale lilirudi tena katika lugha ya Kiswahili. Wapo waliokhofu kuifasiri Qurani kwa lugha ya watu wa nchi, kwa kuwa wakubwa waliotangulia walisomesha maana yake kwa mdomo wala hawakuitolea kitabu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeishi kutoka 1891 hadi 1947, aliianza kazi ya tafsiri akafa hajaimaliza. Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Unguja aliitoa yake sehemu sehemu, mpaka ikachapishwa kamili mwaka 1969 na Islamic Foundation ya Nairobi, ikasomwa kutoka pwani mpaka bara. Mmoja alianza asimalize, na mwingine akamaliza; ujira wa wote wawili uko kwa Mola wao.

Basi yaliyo katika khabari hii si machache kwa wenye kuzingatia. Jumuiya inapotaka kujenga chuo, au kufungua mfuko wa mayatima, au kumpeleka mtoto wa kike katika elimu ambayo mama yake hakuipata, haikosi mzee mmoja wa kuuliza vipi litafanywa jambo ambalo wa kale hawakulifanya. Mzee huyo asidharauliwe, kwani swali lake limewahi kuulizwa na aliye bora kuliko yeye. Ajibiwe kama alivyojibiwa Abubakar: kwa upole, kwa hoja ya kheri iliyo wazi, na kwa kurudiwa tena na tena bila ya kuchoka. Kisha atafutwe mwenye kuiweza kazi, hata akiwa ni kijana, naye akisema ni nzito kama mlima asiachwe kwa sababu hiyo. Anayeihisi amana kabla ya kuishika ndiye atakayeishika vizuri. Aanze na kilichopo, awe ni ubao au mfupa, na aweke mashahidi wawili katika kila shilingi na kila neno.

Wala wasivunjike moyo kazi yao ikikaa ghalani kwa miaka. Zaid bin Thabit alizikusanya kurasa akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na hakujua kuwa zitakuja kuitwa siku umma utakapozihitaji. Siku ilipofika, zilikuwapo. Lau angengojea mpaka uzito uondoke kifuani ndipo aanze, Hudhaifa angalirudi kutoka Armenia asikute kitu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia kwa walichokianza, na awape nguvu waliopo kwa watakachokianza. Amin.